Wabia wa Kwenye Boti

Boti nyeupe inakata maji ya mto Thames. Nyuma yake linaonekana daraja la Tower, na juu ya sitaha kuna vinywaji, suti na wageni waliochaguliwa mmoja mmoja. Mwenye shughuli ni Harold Shand, mtu mfupi, mpana wa kifua, mtoto wa mjini aliyepanda kutoka chini kabisa. Anasimama mbele ya wageni wake na kuwatangazia ndoto. Gati za zamani zimekufa, anasema, lakini ardhi ipo, tena ni nyingi, tena iko katikati ya jiji. Hapa panaweza kuchezwa Olimpiki ya 1988. Hapa panaweza kuwa kitovu cha Ulaya. Kinachokosekana ni mbia mwenye fedha, na mbia huyo ameshatua kutoka Marekani. Yumo humo humo botini, ameshika glasi yake.

Harold ni jambazi, na mbia wake ni mafia.

Hii ni filamu ya The Long Good Friday, iliyotoka mwaka 1980, ikiongozwa na John Mackenzie kwa mswada wa Barrie Keeffe. Bob Hoskins anacheza kama Harold, na Helen Mirren kama Victoria, mwenzi wake mwenye akili kuliko wanaume wote waliomzunguka. Ukiwauliza walioitazama, wengi watakutajia wanaume walioning'inizwa kichwa chini machinjioni, au uso wa Hoskins mwishoni kabisa. Mimi nataka kuizungumzia kwa sababu nyingine. Nadhani hakuna filamu nyingine niliyoiona inayoeleza vizuri zaidi jambo ambalo tunalisoma darasani kwa jina refu na la kuchosha: ubia kati ya sekta ya umma na sekta binafsi katika kuhuisha maeneo ya viwanda yaliyodorora.

Ikumbukwe tarehe. Filamu ilitoka 1980. Julai 1981 serikali ya Uingereza iliunda shirika la kuendeleza ardhi ile ile ambayo Harold aliionyesha kwa kidole akiwa kwenye boti.

*

Nasoma shahada ya uzamili ya mipango miji hapa London. Muhula uliopita tulipewa zoezi la darasani. Kulikuwa na mji wa kubuni, na ndani yake eneo la viwanda vilivyofungwa, maghala matupu, reli yenye kutu na nyumba za wafanyakazi pembeni. Kazi yetu ilikuwa kuandaa mkataba wa ubia wa kulifufua. Wanafunzi wanne walikuwa halmashauri, wanne wawekezaji, wanne benki, wanne washauri wa kitaalamu. Mimi nilipewa karatasi iliyoandikwa "wakazi". Nilikuwa peke yangu.

Wawekezaji walipewa dakika ishirini. Mimi nilipewa tatu, tena mwishoni, wakati jedwali la fedha lilikuwa limeshawashwa ukutani. Nikasimama na kusema yale tuliyofundishwa kusema: ajira kwa wenyeji, nyumba za bei nafuu, ushirikishwaji. Wenzangu wakanipigia makofi. Hakuna tarakimu hata moja iliyobadilika kwenye jedwali. Mwalimu akafunga kipindi kwa kusema zoezi letu limefanana sana na hali halisi. Nadhani alikuwa anatusifu.

Neno ubia sikulijulia darasani. Nililijulia nyumbani. Mjomba wangu na rafiki yake waliwahi kununua lori bovu la kubeba mchanga. Mjomba alitoa fedha, mwenzake alikuwa dereva na fundi. Lori likipata kazi, wanagawana. Likikatika springi kule machimboni, wanakuna vichwa wote wawili. Mwaka wa pili injini ilikufa, na nakumbuka jinsi walivyokaa barazani kimya, kila mmoja akijua kwamba mwenzake amepoteza kama alivyopoteza yeye. Huo ndio ubia ninaoufahamu. Faida yetu, hasara yetu.

Usiku baada ya lile zoezi niliifungua tena filamu ya Harold kwenye kompyuta. Safari hii sikuhesabu maiti. Nilihesabu wabia.

*

Kabla ya filamu, tuitazame ardhi yenyewe.

Gati za mashariki ya London zilianza kujengwa kwa ukubwa wake mwanzoni mwa karne ya 19. West India Docks zilifunguliwa 1802, kwa ajili ya sukari iliyolimwa na watumwa wa Karibi. Zikafuata nyingine, hadi Royal Docks, ambazo gati yake ya mwisho ilifunguliwa 1921. Kwa zaidi ya miaka mia na hamsini, chai, tumbaku, mbao na nyama viliingia mjini kupitia migongo ya makuli wa pale. Kisha likaja kontena. Meli zikawa kubwa kuliko milango ya gati, winchi moja ikafanya kazi ya watu wengi, na shughuli zikahamia Tilbury, chini zaidi mtoni. Kufikia 1981 gati za ndani ya jiji zilikuwa zimefungwa moja baada ya nyingine. Maghala, viwanda na karakana zilizoishi kwa kutegemea meli zikafa pamoja nazo.

Watu walibaki. Hili ndilo sentensi ambayo ripoti nyingi huisahau. Isle of Dogs, ambayo si kisiwa bali ni rasi iliyozungukwa na mto pande tatu, ilikuwa na wakazi wapatao elfu kumi. Machi 1970 baadhi yao walifunga barabara za kuingilia na kutangaza kwamba wamejitenga na Uingereza. Kulikuwa na utani ndani yake, lakini madai hayakuwa utani. Walitaka shule, walitaka mabasi, walitaka kukumbukwa.

Jibu la serikali lilikuja miaka kumi na moja baadaye. London Docklands Development Corporation, au LDDC, ilikabidhiwa takribani kilomita za mraba 22. Mamlaka ya kutoa vibali vya ujenzi yaliondolewa kwenye halmashauri zilizochaguliwa na wananchi, yaani Tower Hamlets, Newham na Southwark, yakapewa bodi iliyoteuliwa na waziri. Shirika liliweza kuchukua ardhi ya umma, kuisafisha, kuiwekea barabara na kuiuza. Mwaka 1982 sehemu ya Isle of Dogs ikatangazwa kuwa eneo maalumu la uwekezaji kwa miaka kumi: hakuna kodi ya majengo, gharama yote ya kujenga inakatwa kwenye kodi ya mapato, na masharti ya ujenzi yamelegezwa. Treni nyepesi ikaanza kutembea 1987. Mwaka huo huo kampuni ya Olympia & York kutoka Kanada ikauchukua mradi wa Canary Wharf, na 1991 ukakamilika mnara wa One Canada Square, jengo refu kuliko yote Uingereza kwa wakati ule.

LDDC ilifungwa 1998. Hesabu yake inajulikana: kama pauni bilioni 1.86 za umma, na bilioni 7.7 za watu binafsi. Yaani pauni moja ya serikali ilivuta pauni nne za mwekezaji. Darasani uwiano huu unatajwa kwa sauti ya mtu anayetaja mabao. Lakini uwiano huo hauhesabu kodi ambayo haikukusanywa. Na reli ya chini ya ardhi ya Jubilee, iliyoifanya Canary Wharf ifikike kweli, ilifunguliwa 1999, mwaka mmoja baada ya kitabu cha hesabu kufungwa. Iligharimu kama pauni bilioni 3.5, sehemu kubwa ikitoka kwa umma.

Niseme pia lililo la kweli upande wa pili, maana uhakiki usiokiri uzuri wa anayehakikiwa ni majungu tu. Pale palikuwa pamekufa. Leo zaidi ya watu laki moja wanafanya kazi Canary Wharf. Kuna treni, kuna bustani, kuna vijana wanaopita jioni na mabegi ya kompyuta pale ambapo 1981 palikuwa na mageti yaliyofungwa kwa minyororo. Anayesema ingekuwa bora paachwe vile vile hajawahi kuishi jirani na ghala lililoachwa.

Sibishi kwamba palihitaji kufufuliwa. Ninachouliza ni nani walikuwa wabia.

*

Turudi botini, tuwahesabu.

Kuna Harold, mwenye mpango na mwenye kujua kila kichochoro. Kuna Harris, diwani, ambaye kazi yake ni kuhakikisha vibali vinatoka. Kuna afisa wa polisi anayelipwa ili pawe na utulivu. Kuna Charlie, mjumbe wa mafia wa Marekani, mwenye mtaji. Ukimwondolea kila mmoja bastola na bahasha, unabaki na wadau wale wale wa kwenye vitabu vyetu: mwendelezaji, mamlaka ya eneo, dhamana ya usalama, mtaji wa nje. Sisemi kwamba waliojenga Docklands ya kweli walikuwa majambazi. Keeffe na Mackenzie wanatuonyesha umbo la meza, na umbo hilo halihitaji uhalifu ili lifanye kazi yake.

Akili ya filamu iko katika namna inavyomtazama Harold. Yeye anajiona mwenyeji. Anaipenda London kwa dhati, hata kama ni mapenzi ya mtu anayempiga anayempenda. Anaamini kwamba mgeni amekuja kwa sababu amevutiwa na jiji. Waswahili tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone, na Harold anaishi kwa imani hiyo kwa saa zote za Ijumaa Kuu. Mabomu yanalipuka, watu wake wanauawa, baa inalipuliwa wageni wakiwa njiani kwenda kula, na yeye bado anachana nywele, anatabasamu, anaahidi kwamba kila kitu kiko sawa. Adui yake, tunakuja kujua, ni IRA, waliodhurumiwa katika deni ambalo Harold mwenyewe hakulifahamu.

Mwishowe anakwenda hoteli ya Savoy kuwaona Wamarekani wake, na anawakuta wanafunga mabegi.

Tukio hili huchukua dakika chache na ndilo moyo wa filamu. Hakuna anayemtisha Harold, hakuna anayemdai. Wanaondoka tu. Siku mbili za fujo zimetosha kuwaonyesha kwamba hapa si mahali pa kuweka fedha. Harold anawatukana, anaita uzalendo, anajikuza kifua kama kwamba nchi nzima imesimama nyuma yake. Wanamsikiliza kwa adabu, kwa sababu wana ndege ya kuwahi. Kisha anatoka nje, anaingia kwenye gari, na gari si lake tena. Mbele ameketi kijana mwenye bastola, Pierce Brosnan katika sura yake ya ujana. Kamera inakaa usoni mwa Hoskins kwa muda mrefu bila neno lolote. Tunamwona akikasirika, akipiga hesabu, akielewa. Karibu acheke.

Anaelewa nini? Nadhani anaelewa tofauti kati ya mbia na mbia. Kwenye meza ile kulikuwa na mtu mmoja ambaye angeweza kuinuka wakati wowote na kwenda zake, na kwa hiyo ndiye pekee aliyekuwa akisikilizwa tangu mwanzo. Wengine wote walikuwa wanambembeleza abaki.

Hapa ndipo ninapoiheshimu filamu hii, na hapa hapa ndipo ninapogombana nayo. Katika ile safari ya boti, kamera inapita kwenye gati zilizokufa na kutuonyesha maji, kreni na utupu. Ni utupu mzuri, umepigwa picha vizuri. Lakini nani alisema ni tupu? Harold alisema, na kamera ikamwamini. Wakazi wa kingo zile hawana sura katika filamu nzima. Mtu mweusi anayepewa nafasi ya kukumbukwa ni Errol, anayefuatwa kwake na kutishwa ili atoe habari. Filamu inayokejeli mkataba imekubali kifungu cha kwanza cha mkataba huo, kwamba hapa hakai mtu.

Sisi tuliozaliwa Tanzania tunalijua vizuri neno hilo tupu. Sheria ya ardhi ya Tanganyika ya 1923 iliitangaza ardhi yote, yenye watu na isiyo na watu, kuwa ardhi ya umma chini ya gavana. Ardhi huwa tupu kwenye karatasi kwanza. Kuwa tupu kwenye macho huja baadaye.

*

Kuna kazi nyingine ya sanaa kuhusu ardhi ile ile, na haikutengenezwa botini. Mwaka 1981 wasanii Peter Dunn na Loraine Leeson walianzisha Docklands Community Poster Project. Walifanya kazi chini ya kamati ya wakazi na vyama vya wapangaji. Wakatengeneza mabango makubwa ya picha, futi 18 kwa 12, yaliyosimamishwa mitaani kama matangazo ya sabuni au bia. Mfululizo wao mashuhuri ulihusu sura ya Docklands inayobadilika, na wenyewe ulibadilika. Bango halikung'olewa lote kwa mara moja. Waliondoa kipande kimoja, wakaweka kingine, kisha kingine, hadi picha nzima ikawa hadithi nyingine. Mpita njia aliyekwenda dukani kila siku alikuwa akitazama filamu ya polepole sana.

Nimeyaona mabango haya kwenye picha tu, lakini hata hivyo nguvu yake inaonekana. Yamekatwa na kubandikwa kwa mkono, na hayajali kuficha viungo vyake. Yanauliza nini kinafanyika nyuma ya mabati, fedha kubwa inakwenda wapi, na nani atasukumwa nje. Filamu ya Mackenzie inahitaji usiku, damu na muziki ili tuogope. Bango linahitaji kituo cha basi. Na mtazamaji wake ndiye anayezungumziwa. Hana haja ya kukata tiketi kwa sababu anaishi humo.

Mabango hayakuwa peke yake. Mwaka 1983 wakazi na wafanyakazi wa eneo la Royal Docks, kwa msaada wa Greater London Council, waliandika mpango wao wenyewe kupinga mpango wa kujenga uwanja wa ndege pale. Ulikuwa mpango hasa, wenye kazi, nyumba na malezi ya watoto ndani yake. Mwaka 1984 wakapanda vyombo vya majini na kusafiri kwa Thames hadi bungeni, boti zao zikiwa zimejaa watu na mabango. Napenda kuiweka safari ile kando ya boti ya Harold. Mto ni ule ule, ardhi inayozungumziwa ni ile ile, lakini abiria wamebadilika.

Lakini nisiwe mnafiki. Uwanja wa ndege ulifunguliwa 1987. Greater London Council, iliyokuwa ikiwalipia wasanii wale, ilivunjwa na serikali kuu mwaka 1986. Hapo kuna fundisho ambalo vitabu vya ubia hulipita haraka: neno "umma" si mtu mmoja. Umma mmoja ulilipia mabango, umma mwingine ulichukua ardhi, na ule wa pili ukaufuta ule wa kwanza. Mabango nayo yana udhaifu wake kama sanaa. Ni stadi wa kusema hapana. Katika mengi niliyoyaona, mwekezaji ni fedha yenye meno, na mkazi ni familia njema. Harold Shand, mtoto wa kule kule anayeuuza mtaa wake huku akiulilia, asingepata nafasi kwenye bango. Na kila mtaa una Harold wake. Kwa hiyo nazihitaji kazi zote mbili, filamu inayomjua msaliti na bango linalomjua jirani.

*

Baada ya filamu, historia iliendelea kuandika matukio ambayo Keeffe angeweza kudai malipo yake.

Mei 1992 Olympia & York ilishindwa kulipa madeni, na Canary Wharf ikaingia mikononi mwa wasimamizi wa mufilisi. Mnara ulisimama nusu mtupu. Mwekezaji aliondoka jinsi wawekezaji wanavyoondoka, kupitia mahakama na benki, na umma ukabaki na jukumu la kuhakikisha reli inajengwa ili fedha nyingine ije. Februari 1996 IRA walilipua bomu South Quay, Isle of Dogs. Waliokufa hawakuwa wamiliki wa minara. Walikuwa watu wawili katika duka dogo la magazeti. Juni 2023 benki ya HSBC ilitangaza kwamba itauhama mnara wake wa Canary Wharf na kurudi katikati ya jiji. Hakuna aliyeona ajabu, maana ni haki yao. Na Tower Hamlets, halmashauri ambamo minara ile imesimama, bado ni miongoni mwa maeneo ya Uingereza yenye watoto wengi zaidi wanaoishi katika umaskini.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii ni sera kamili ya uwekezaji. Mkaribishe mgeni, usimchokoze, lakini siku ya tatu naye alime. Hatima ya lori la mjomba iliwakuta wote wawili shambani. Kwenye Docklands, mgeni alipewa miaka kumi bila jembe. Siku ya jembe ilipokaribia, aliyeshindwa alikuwa na mlango wa kutokea, na aliyekuwepo tangu mwanzo hakuwa nao.

Nimefika mahali pa kusema kipimo changu kwa maneno machache. Mkataba wa ubia usiusome kuanzia kwenye faida. Usome kuanzia kwenye mlango. Uliza ni nani kati ya waliotajwa humu anaweza kuondoka akitaka, nani hawezi kuondoka hata akitaka, na nani ataondolewa hata asipotaka. Ukishawapanga watu katika makundi hayo matatu, utajua maamuzi yatakwenda upande gani kabla hujafika ukurasa wa hesabu.

*

Jumamosi moja nilikwenda St Katharine Docks, ambako boti ya Harold inaegeshwa katika filamu. Gati hizi zilifungwa 1968, zikanunuliwa na umma, kisha zikakodishwa kwa kampuni binafsi ya ujenzi. Zilikuwa kama jaribio la mapema la yote yaliyofuata. Sasa ni maegesho ya boti za matajiri. Katikati limesimama jengo lenye mnara wa saa linaloitwa Ivory House. Humo ndimo zilikohifadhiwa pembe za ndovu katika karne ya 19, zama ambazo Zanzibar ilikuwa soko kubwa la pembe za upande wetu wa Afrika. Leo ni nyumba za kifahari na migahawa. Nilisimama pale nikiwaza njia ndefu ya mabegani kutoka bara hadi pwani, na jinsi jina la mzigo lilivyobaki ukutani huku majina ya waliobeba yakipotea.

Kuna jambo jingine kuhusu pale. Gati za St Katharine zilipojengwa, miaka ya 1827 na 1828, zilibomolewa nyumba kama 1,250 na watu wapatao 11,300 wakahamishwa. Waliolipwa fidia ni wenye nyumba. Wapangaji hawakupata kitu.

Nilimpigia bibi simu jioni ile. Bibi yangu alikuwa mpangaji kwa miaka kumi na tisa katika mtaa mmoja wa Temeke, si mbali na bandari. Siku moja alirudi kutoka gengeni akakuta X nyekundu ukutani. Mwenye nyumba alilipwa. Bibi alipewa mwezi mmoja. Siku hizi anaishi Chanika, na genge lake liliishia pale pale Temeke, maana wateja hawahamishiki kwenye kirikuu pamoja na sufuria.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Hujambo huko kwenye baridi?"

Nikamweleza kuhusu gati, pembe za ndovu, boti, na zile nyumba 1,250. Alisikiliza bila kunikatiza. Mwaka 2023, nchi nzima ilipobishana kuhusu mkataba wa miaka 30 wa gati za Dar es Salaam na kampuni ya DP World, ile ile iliyofungua bandari mpya kwenye Thames mwaka 2013, bibi hakubishana na mtu. Aliniuliza tu mlango wa kutokea uko upande wa nani. Nilicheka wakati ule. Sasa nasomea shahada ya uzamili ili nijibu swali lake.

"Hao wapangaji," akasema nilipomaliza, "walikwenda wapi?"

Nikamwambia vitabu vinasema walisongamana kwenye mitaa ya jirani iliyokuwa imeshajaa.

Alinyamaza kidogo. "Basi na wao walikuwa na Chanika yao," akasema, kisha akaniuliza kama nimekula.